Kunyamaza kwa Muwasho Si Kupona: Mhadhara Juu ya Kuipima Mimea Yetu Dhidi ya Kuvu za Ngozi



Nasema leo katika mji wa Lubumbashi, ambao tangu ulipoanzishwa mwaka 1910 umezoea kuulizwa habari za shaba yake kuliko habari za majani yake. Najua ya kwamba wengi wenu mmesomea elimu hizi kwa Kifaransa, na kwamba Kiswahili cha nyumbani hapa, cha Kamalondo na Katuba, kina ladha yake ambayo mimi siimudu. Basi nitasema Kiswahili cha vitabuni, na yeyote ambaye hatanifahamu asione haya kunyoosha mkono, kwa maana mhadhara usiofahamika ni hasara ya pande mbili.

Kusudi langu ni kueleza namna inavyopasa kuipima mimea inayosifiwa kuponya maradhi ya kuvu ya ngozi. Tangu yule mama anayepaka majani mtoto wake hadi yule mtaalamu wa maabara, kila mmoja anaipima dawa kwa njia yake, na kila kipimo kina swali lake. Na dhara kubwa katika jambo hili, kwa maoni yangu, haliletwi na ujinga wala na udanganyifu, bali hutokea pale jibu la swali moja linapochukuliwa na kupachikwa juu ya swali jingine. Nitaitetea kauli hii kwa hoja sita, baada ya maneno machache juu ya adui mwenyewe.

Kuvu zinazotushughulisha leo si zile zinazoingia mapafuni au damuni, bali ni zile zikaazo juu juu, katika tabaka ya ngozi iliyokwisha kufa, katika unywele na katika ukucha, kwa kuwa chakula chake ni keratini, ile protini ngumu ambayo viumbe wengi hawawezi kuila. Zikishika kiwiliwili hufanya choa, lile duara lenye ukingo mwekundu unaobanduka magamba, ilhali katikati yake huonekana kana kwamba pamepoa. Zikishika kichwa cha mtoto hufanya mapunye. Na zikishika baina ya vidole vya mtu anayeshinda kutwa ndani ya viatu vya mpira, ngozi hulegea, ikawa nyeupe, ikapasuka na kutoa harufu. Ama mba wa kifuani na mgongoni ni wa ukoo mwingine, hamira ipendayo mafuta ya ngozi, nayo huacha mabaka ambayo huchukua miezi kurudia rangi yake.

Elimu ya kuvu hizi ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Johann Lukas Schönlein aliandika mwaka 1839, na David Gruby huko Paris akafuatia tangu mwaka 1841, kwamba kuvu ndiyo sababu ya maradhi ya kichwa, miaka mingi kabla sifa ya Pasteur na Koch haijaenea duniani. Raymond Sabouraud, ambaye chakula chake cha kuoteshea kuvu kingali kikitumika maabarani hata leo, alitoa kitabu chake kikubwa juu ya mapunye mwaka 1910, mwaka ule ule wa kuzaliwa kwa mji wetu. Na Raymond Vanbreuseghem, Mbelgiji aliyechunguza kuvu za ngozi za Kongo, alieleza mwaka 1952 njia ya kuzinasa hata zile zilizomo udongoni: nywele zilizotakaswa hutandazwa juu ya udongo wenye unyevu ndani ya kisahani, na baada ya majuma kadhaa huonekana utando mweupe umezizunguka ukizila. Basi adui huyu ndiye tunayetaka kumtoa ngozini: mpole, mvumilivu, asiyeua, lakini asiyeondoka kwa kubembelezwa.

HOJA YA KWANZA: Sifa ya mganga hutuambia pa kuanzia, haituambii pa kuishia.

Kuna watu wa elimu wanaodharau habari za waganga, nao wanakosea, kwa kuwa dawa za kuvu zina deni kwa mimea tangu mwanzo. Mwaka 1907 tabibu Arthur Whitfield wa London alieleza marhamu yenye sehemu 6 kwa mia za asidi ya benzoiki na sehemu 3 kwa mia za asidi ya salisiliki, nayo iliwahi kuwamo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Na asidi ile ya kwanza ilipatikana zamani kutoka utomvu wa miti ya ubani wa Sumatra, na ya pili ina asili yake katika dawa za magome ya mti wa Ulaya. Kabla ya hapo, katika karne ya kumi na tisa, India ilitumia unga wa Goa, uliotoka katika mti wa Brazili na kusafirishwa kwa merikebu, kwa kutibu choa.

Twaweza kuongeza mti unaojulikana kwa wataalamu kama Senna alata, ambao wasemao Kifaransa huuita dartrier, wenye maua ya manjano yaliyosimama wima na ganda la mbegu lenye mabawa manne. Asili yake ni Amerika ya joto, lakini kila ulikofika, katika Afrika, India na Ufilipino, watu waliyasaga majani yake wakayapaka juu ya choa, hata Serikali ya Ufilipino ikautia katika mimea kumi inayopendekezwa kwa wananchi. Mataifa yasiyofahamiana yakikubaliana juu ya jani moja, mwenye akili hupaswa kusikiliza.

Lakini kusikiliza nako kuna sharti zake. Ukienda katika soko la Kenya, hapa hapa mjini, utaona mizizi iliyofungwa kwa kamba na unga uliotiwa katika vifuko vidogo vya plastiki. Na unga hauna jani, hauna ua, hauna tunda, wala mtaalamu wa mimea hana cha kushika ili autambue. Jina moja la Kibemba au la Kiluba laweza kubeba mimea miwili au mitatu, na mmea mmoja waweza kuwa na majina manne baina ya Kipushi na Bunkeya. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mchunguzi ni kwenda na mganga porini, katika miombo, kuukata mmea wenye ua na jani, kuukausha baina ya karatasi, kuuandikia mahali na tarehe, na kuuweka akiba kwa wale watakaokuja baadaye. Bila ya hayo, hata jibu zuri la maabara huwa ni jibu lisilojulikana ni la nani.

HOJA YA PILI: Katika Katanga, kabla ya kulisifu jani, sharti tuuulize udongo.

Hoja hii ni ya kwetu hasa, na naomba mniruhusu kukaa nayo kidogo. Mwajua vile vilima visivyoota miti, ambavyo juu yake huota nyasi na maua mafupi tu, kwa kuwa ardhi yake imejaa shaba na kobalti. Kuna ua dogo, Haumaniastrum katangense, lililozoea ardhi ya namna hiyo hata likaota juu ya mahali palipokuwa na tanuru za wafua shaba wa zamani, na wachimbuaji wa mambo ya kale wakalifanya kuwa kiongozi wao. Mimea ya jinsi hii imesifiwa katika vitabu kwa kukusanya madini katika majani yake.

Sasa tukumbuke ya kwamba shaba ni adui wa kuvu. Mwaka 1885 Millardet alitangaza huko Bordeaux kwamba mchanganyiko wa salfeti ya shaba na chokaa huilinda mizabibu na ukungu, na wakulima wa dunia nzima wangali wakiutumia. Basi mwanafunzi wetu akilichuma jani karibu na mgodi, akaliloweka, akaona kuvu imekufa, ana haki gani ya kusema kwamba ni kiambata cha mmea kilichoua, wala si shaba?

Tena shaba yenyewe yaweza kuwa haimo ndani ya jani, bali iko juu yake. Faucon, Shutcha na Meerts, ambao kazi yao ilishirikisha Chuo Kikuu cha Lubumbashi, walionyesha mwaka 2007 kwamba viwango vya shaba na kobalti vilivyokuwa vimetajwa katika baadhi ya mimea hii hupungua sana majani yakioshwa vema kabla ya kupimwa. Maana yake, sehemu ya sifa ile ilikuwa ni vumbi. Wanaoishi Lubumbashi wakati wa kiangazi hawahitaji kuelezwa vumbi ni nini.

Kwa hiyo napendekeza kanuni tatu kwa kila mchunguzi wa mji huu: jani lioshwe, madini yaliyomo katika dawa iliyotolewa yapimwe na kuandikwa, na mmea ule ule uchumwe pia mahali pa mbali na mwamba wa madini, ili majani mawili yashindanishwe. Na kanuni hizi si kwa ajili ya ukweli wa hesabu peke yake, bali ni kwa ajili ya usalama, kwa kuwa kobalti ni miongoni mwa vitu vijulikanavyo kuleta mzio wa ngozi, na itakuwa aibu kumtibu mtu choa kwa kumpa ukurutu.

HOJA YA TATU: Kisahani cha maabara hujibu swali la kisahani tu.

Njia nyepesi, ambayo wanafunzi huipenda, ni kutandaza kuvu juu ya agari, kutoboa kishimo, kutia dawa ndani yake, na kupima kwa rula upana wa duara tupu linalojitokeza. Ni njia nzuri ya kubagua, lakini si ya kulinganisha, kwa sababu viambata vya mafuta havisafiri vema katika agari yenye maji. Dawa kali yaweza kuonyesha duara dogo, na dawa dhaifu inayoyeyuka upesi ikaonyesha duara la kujivunia.

Njia ya pili ina uzito zaidi. Huchukuliwa kibao cha plastiki chenye vishimo 96. Kishimo cha kwanza hutiwa mchujo mzito, yaani kile kilichobaki baada ya majani kulowekwa katika spiriti, kuchujwa na kukaushwa. Cha pili hutiwa nusu yake, cha tatu robo yake, na kuendelea hivyo. Kisha kila kishimo hupewa mbegu za kuvu kwa kiasi sawa, na kibao huwekwa katika joto la nyuzi 28 hadi 30 kwa siku kadhaa, maana kuvu hizi haziendi mbio. Kishimo cha mwisho kilichobaki safi ndicho kinachotuambia kiasi kidogo kabisa kinachozuia kuvu kuota. Wala kibao hakikamiliki bila mashahidi watatu: kishimo chenye kuvu pasipo dawa, kishimo chenye kile kiyeyushio peke yake, na kishimo chenye dawa ijulikanayo, kama griseofulvini au tabinafini. Ukiiona ripoti isiyowataja mashahidi hawa, ndugu zangu wanafunzi, ifunge.

Na kiasi gani ni kiasi cha haki? Ríos na Recio waliandika mwaka 2005 kwamba mchunguzi asiringie mchujo unaofanya kazi juu ya miligramu 1 kwa mililita, wala kiambata safi kinachofanya kazi juu ya miligramu 0.1, kwa maana ukiongeza kiasi bila mpaka, karibu kila kitu kitaua kuvu, chumvi na sukari zikiwamo.

Mfano bora wa kazi hii katika Afrika yetu ya Mashariki ni ule uliofanywa Tanzania na Omar Hamza, Mecky Matee, Mainen Moshi na wenzao, ukachapishwa mwaka 2006. Walipima michujo 65 ya mimea ya aina 56 inayotumiwa na waganga, na michujo 45, ya mimea ya aina 36, ikaonyesha nguvu juu ya kuvu moja au zaidi. Miongoni mwa iliyokuwa na nguvu kubwa ulikuwamo mng'ong'o. Mtu akiisikia habari hiyo atataka kukimbia kumpaka mwenye choa gome la mng'ong'o. Asubiri! Kuvu zilizopimwa pale zilikuwa ni hamira, ukoo wa Candida na Cryptococcus, kwa kuwa wataalamu wale walikuwa na maswali yao, nao wakayajibu vema. Hawakuulizwa habari za Trichophyton anayekula ngozi. Mwenye kutaka kujua habari za choa cha Lubumbashi sharti aipime kuvu iliyokwanguliwa katika choa cha Lubumbashi.

Fauka ya hayo, mchujo si kiambata. Mchimbaji akiokota jiwe la kijani la shaba hasemi ana waya wa umeme mkononi. Ana jiwe, na baina ya jiwe na waya kuna tanuru. Tanuru la elimu hii ni kazi ya kuutenga mchujo sehemu kwa sehemu, na kuipima kila sehemu, hata kijulikane kilichoua ni kipi. Jirani zetu wa Rwanda walifanya hivyo kwa umuravumba, ambao wataalamu huuita Tetradenia riparia: mwaka 1986 Luc Van Puyvelde na wenzake walitangaza kiambata kimoja kilichotolewa katika majani yake, chenye nguvu juu ya bakteria na kuvu. Jina la kiambata kile ni refu kuliko subira yenu ya jioni hii, basi nitawaachia wakemia; lakini jueni ya kwamba kiambata kikishajulikana, dawa yaweza kupimwa kila chupa, na mgonjwa wa Januari akapata kiasi kile kile cha mgonjwa wa Juni.

HOJA YA NNE: Kinachoua kuvu kisahanini chaweza kushindwa ngozini, au kuidhuru.

Kisahanini kuvu haina pa kujificha. Ngozini iko chini ya magamba. Kuchani iko chini ya ukucha mnene. Na kichwani imeingia ndani ya unywele hata kwenye shina lake. Ndiyo sababu mapunye ya watoto wa shule hayaponi kwa kupaka peke yake, hata kwa dawa ya dukani, bali huhitaji dawa ya kumeza. Na griseofulvini, iliyotolewa mwaka 1939 katika kuvu ya Penicillium, ilileta faraja kubwa ilipoanza kutumika kwa kumeza mwishoni mwa miaka ya 1950. Nasema jambo hili kwa wazee wetu waganga kwa heshima kubwa: mtoto mwenye mapunye apelekwe zahanati, na majani yabaki kwa maradhi ambayo majani yaweza kuyafikia.

Upande wa pili ni usalama. Unga wa Goa niliowatajia uliua kuvu, lakini uliunguza ngozi na kuacha madoa katika nguo, na macho yalipata taabu ukiyafikia. Basi kila mchujo wenye nguvu juu ya kuvu na upimwe pia juu ya chembe hai za ngozi ya binadamu, na tofauti baina ya kiasi kinachoua kuvu na kiasi kinachoua ngozi ndiyo itupe tumaini au ituvunje moyo.

HOJA YA TANO: Mgonjwa hujibu habari za muwasho, habari za kuvu aulizwe kuvu mwenyewe.

Hapa ndipo uzito wa mhadhara wangu. Mwaka 1992 Tong na wenzake walichapisha majaribio yaliyofanywa kwa watu 104 wenye kuvu za miguuni. Kundi moja lilipewa krimu yenye sehemu 10 kwa mia za mafuta ya mti wa Australia, Melaleuca alternifolia. La pili lilipewa dawa ya dukani iitwayo tolnafteti. Na la tatu krimu tupu isiyo na dawa. Walipoulizwa na kutazamwa, wale wa mafuta ya mti walionekana wamepata nafuu wagonjwa 24 kati ya 37. Wa tolnafteti 19 kati ya 33. Na wa krimu tupu 14 kati ya 34. Kama majaribio yangalikoma hapo, mti ule ungalitangazwa kuwa umelingana na dawa ya dukani. Lakini magamba ya ngozi yalikwanguliwa na kuoteshwa, na kuvu ikatoa ushahidi wake: ilikuwa imetoweka kwa wagonjwa 85 katika kila mia wa tolnafteti, kwa 30 tu katika kila mia wa mafuta ya mti, na kwa 21 wa krimu tupu. Mafuta yale yalikuwa yametuliza muwasho, yakaiacha kuvu mahali pake.

Je, tuseme mti ule haufai? Insafu haituruhusu. Mwaka 2002 Satchell na wenzake walijaribu mafuta yale yale kwa watu 158, safari hii kwa sehemu 25 na 50 kwa mia, na kuvu ikatoweka kwa wagonjwa 64 katika kila mia wa kundi la sehemu 50, dhidi ya 31 wa dawa tupu, ingawa wachache walipatwa na ukurutu. Kiasi kilipobadilika, jibu lilibadilika. Na tusingalijua lolote kati ya hayo kama kuvu haikuulizwa. Vivyo hivyo katika habari za Senna alata: mwaka 1994 Damodaran na Venkataraman walichapisha huko India matokeo mema ya majani yake kwa wagonjwa wa mba, nayo ni dalili ya kutia moyo, lakini mba si choa, na ushahidi wa mmoja hauwi ushahidi wa mwingine.

Tazameni namna jambo hili linavyotugusa mtaani. Mtu ana choa. Ananunua krimu ya kung'arisha ngozi, yenye steroidi kali ambayo haikuandikwa vema juu ya kopo. Siku ya tatu wekundu umekwisha na muwasho umekoma, naye humsimulia jirani kwamba amepona. Chini ya utulivu ule kuvu inatembea, ukingo wa duara unafutika, mabaka yanapanuka, hata tabibu akiyaona hayatambui. Ive na Marks walilieleza jambo hili tangu mwaka 1968. Na baadhi ya dawa zinazouzwa kwa jina la miti zaweza kuchanganywa na krimu hizo kwa siri. Kwa hiyo dawa yoyote ya mti inayotuliza muwasho upesi mno na ipimwe kwanza kama haina steroidi ndani yake.

HOJA YA SITA: Elimu ya mganga ni amana, na amana ina mwenyewe.

Hoja hii ni fupi kwa kuwa haina ubishi. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, ambayo nchi yetu imeingia, yasema kwamba faida itokayo katika mimea na katika elimu ya wenyeji igawanywe kwa uadilifu. Basi mapatano na mganga yaandikwe kabla ya jani kuchumwa, kwa lugha anayoifahamu, na jina lake litajwe akipenda litajwe. Mganga aliyefanyiwa haki atarudi na mmea wa pili. Aliyedhulumiwa atatuonyesha mti usio wenyewe.

Mabibi na mabwana, yanibakia kusema kwa nini kazi hii haingoji. Kuvu inayoitwa Trichophyton indotineae, iliyopewa jina hilo mwaka 2020, imeenea kutoka Asia ya Kusini na kufika mabara mengine, nayo mara nyingi haisikii tabinafini. Silaha zetu dhidi ya kuvu ni chache, na zikipungua tutazitafuta popote, na miombo iliyotuzunguka ni miongoni mwa mahali pa kutafutia, maadamu haijageuzwa yote kuwa makaa.

Naomba basi yafanyike mambo manne ambayo hayahitaji fedha za kigeni kuanza. Kwanza, maabara zetu zianze kuweka akiba ya kuvu zilizokwanguliwa kwa wagonjwa wa Kampemba, Ruashi na Katuba, ili kila mmea upimwe juu ya kuvu za hapa. Pili, wapimaji wa madini, ambao mji huu haukosi, wakubali kuipima michujo ya wanafunzi wa famasia. Tatu, kila jaribio juu ya wagonjwa liwe na kundi la dawa ijulikanayo, na magamba yaoteshwe mwanzoni, mwishoni, na tena majuma kadhaa baada ya dawa kusimamishwa. Nne, majibu yasiyopendeza yachapishwe pamoja na yapendezayo, ili mwanafunzi wa miaka kumi ijayo asipoteze ujana wake juu ya jani lililokwisha kushindwa.

Ukumbini humu wamo waganga wenye mimea, wanafunzi wenye macho mapya, na waalimu wenye hadubini. Nimemwomba Mwenyekiti aweke daftari mezani karibu na mlango. Kila aliye tayari kushiriki katika jambo la kwanza, lile la akiba ya kuvu, na aandike jina lake kabla hajatoka, nasi tutakutana mwezi ujao kugawana kazi. Sasa nangoja maswali, magumu yakitangulia.